Dada Koleo na Vichwa vya Meno Matatu

"Nimekutuma vichwa vya meno matatu, umeniletea takataka! Hayo ni macho au ni vifungo vya shati?"

Dada Koleo alikuwa anamfokea mdogo wake katikati ya korido ya nyumba ya watu, na kabla hajamaliza kufoka mkebe wa vichwa ulishapaa hewani ukapasukia ukutani. Vidude vyenyewe vya plastiki, vya kubana ncha za waya wa mtandao, vyepesi kama kucha, vikatapakaa juu ya marumaru mpaka chini ya ngazi.

Mdogo wake, mwanamume mzima mwenye ndevu na mke nyumbani, alichuchumaa akaanza kuviokota kimoja kimoja.

"Ni vya meno matatu, dada. Shika kimoja utazame."

"Nitazame nini? Mteja huko juu mtandao unamkatikia kama kwikwi, halafu mimi nikae natazama plastiki?"

"Miwani yako umevaa?"

Hapo ndipo alipojitafutia. Kumuuliza Dada Koleo habari za miwani ni sawa na kutia kidole kwenye mzinga wa nyuki. Mkononi alikuwa na koleo la kubania vichwa, chuma kitupu, zito kama jiwe la kusagia. Hakulitupa. Alimpiga nalo. Lilimpata pale nyusi inapoishia, ngozi ikafunguka kama mdomo, na damu ikashuka hadi kwenye ndevu, ikadondokea vile vichwa alivyokwisha kuviokota.

Mdogo mtu alikaa kitako sakafuni, akajipapasa, akatazama vidole vyake vilivyolowa.

"Leo umenipiga kwa mkono wa baba," alisema.

Dada Koleo aliliachia koleo, likalia juu ya marumaru.

"Basi nisikilize, dada. Nikimaliza kazi ya nyumba hii, mimi na wewe ndiyo mwisho. Utafute mwingine wa kumpasua."

Mtu asiyemjua Dada Koleo angesema hayo ni maneno ya hasira, yatapoa. Lakini huyu mdogo wake si mtu wa maneno. Akisema hali, hali. Akisema haji, hata umfuate na gari haji. Na ukimwondoa yeye, Dada Koleo hana mtu chini ya jua.

Wamelelewa na baba mmoja, dereva wa lori, aliyekuwa akirudi safari anauliza kwanza mpira uko wapi, ndipo anauliza chakula. Mpira wenyewe ulikuwa bomba la kuvutia dizeli. Uliacha alama za duara mgongoni, na Dada Koleo anazo mpaka leo nyingi kuliko za mdogo wake, kwa sababu kila mpira ulipopanda yeye alijiingiza katikati. Mama yao alikufa mapema, wa kuwatetea akawa hakuna. Siku moja baba akamkamata yule mdogo masikio akampigiza na mlango. Dada, msichana tu mwembamba kama ufagio, akachukua sufuria ya maji iliyokuwa jikoni, na maji yake ya moto, akammwagia mzee kifuani, kisha akampiga na sufuria yenyewe. Mzee akaanguka anabweka. Dada akamshika mdogo wake mkono, wakatoka na nguo walizovaa, hawakurudi hata kumzika.

Tangu siku hiyo mikono yake haikukaa chini tena. Mume alipata, mpole wa kutosha, ila jioni moja akalewa akamnyanyulia kofi. Kofi halikufika. Vidole viwili vya yule bwana vilibanwa na mlango wa kabati, na kesho yake yeye mwenyewe akafunga virago huku mkono umefungwa kijiti. Dada Koleo husema hakuachwa, alibaki na kabati.

Kazi ya nyaya aliipata kwa wizi. Alikuwa mfagiaji katika duka la kuchapa na kutoa kopi, na fundi wa mtandao alipokuja, yeye alikuwa anafagia pale pale mpaka sakafu inaomba radhi. Yule fundi alikuwa mchoyo. Ukimkaribia anakugonga vifundo vya mkono kwa mpini wa bisibisi, na anapopanga zile nyaya ndogo nane ndani ya kichwa anakugeuzia mgongo, utadhani anakojoa. Dada Koleo aliona jinsi ya kuchuna ganda, jinsi ya kunyoosha, jinsi ya kubana. Mpangilio wa rangi hakuuona. Akaukisia. Nyaya zenyewe zimesokotwa mbili mbili ndani ya kebo, rangi na mwenzake mweupe, basi akaona akili inataka mtu akae na mwenzake: chungwa na chungwa, kijani na kijani, bluu na bluu, kahawia na kahawia. Akabana, akachomeka testa, kile kidude cha kupimia waya, taa zikawaka zote kwa zamu mpaka ya nane. Nani angembishia?

Na kweli hakubishiwa. Kazi zake zote zilikuwa vyumba vidogo: duka la kopi, kibanda cha kuuza simu, ofisi ya madalali, waya unatoka meza hii unafika ile. Humo mtandao ulipita vizuri. Jina likakua. Msimamizi mmoja wa ujenzi aliyempapasa akiwa juu ya ngazi alishuka na taya lililohama, lilihamishwa na koleo, na jina la Koleo likatoka hapo. Wanaume wa kazi ile wakajifunza kumwamkia kwa mbali.

Nyumba hii sasa ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kushika. Mwenyewe anauza matairi, watu wanamwita Matairi, na amejenga ghorofa juu ya ghorofa kwa kuta nene kama za jela. Mtandao wa hewani ulikuwa unafia ngazini. Ndiyo maana akataka waya kila chumba, kutoka kabati la chini ya ngazi ilipo ruta na swichi ya kugawa mtandao, mpaka chumba cha juu kabisa anapofanyia biashara zake kwa kompyuta. Waya wa kwenda huko ulikuwa mrefu ajabu: unapanda ukutani, unazunguka dari mbili, unashuka tena.

Vyumba vya chini vilikubali vyote. Cha juu kilikataa. Taa za testa zinawaka zote, ukichomeka kompyuta mtandao unaingia, unavuta pumzi, unakata. Dada Koleo aliukata waya akaubana upya hadi vidole vikaota malengelenge. Mwishowe akapata wa kumlaumu.

Lawama yenyewe haikuwa ya kijinga. Kichwa ni ile plastiki ya ncha ya waya, ndani yake mna vipande vinane vya shaba, na kila kipande kina meno. Ukikibana, meno yanazama kwenye waya kama mbwa kwenye paja. Waya laini wa nyuzi nyingi unatosheka na meno mawili, yanapenya katikati ya nyuzi. Waya wa ukutani ni mgumu, uzi mmoja mnene wa shaba, na huo unataka meno matatu yaukabe huku na huku. Ukiupa mawili yanateleza, leo unapata, kesho umekosa. Fundi yeyote akisikia laini inakatakata, kwanza anashuku meno.

Kosa lilikuwa kumshuku mnunuzi. Mdogo wake dukani ni mtu wa kuchosha. Alikataa koleo la bei rahisi linalofunguka ovyo, akataka lile linalolia ka-ka-ka na haliachii mpaka limebana sawasawa. Kebo aliikwangua kwa wembe kuona kama ndani ni shaba mpaka moyoni au ni alumini iliyopakwa shaba. Vichwa alivishika kimoja kimoja kwenye mwanga wa mlango akahesabu meno, hadi muuzaji akamwuliza, "Kaka, unavinunua au unavioa?" Na pale dukani akaokota kipande cha waya kilichobanwa kiwandani, akakitazama kupitia ile plastiki, akaona rangi hazikupangwa kama dada anavyozipanga. Kijani na mwenzake walikaa mbali mbali, bluu wawili wamelala katikati yao. Muuzaji akamweleza sababu.

Alimwambia jioni ile ile. Dada alipiga meza kikombe kikaruka. "Kiwanda kimenifundisha mimi kazi? Taa zinawaka nane! Usinifundishe!" Akamwambia tena asubuhi kwenye ngazi. Akaambiwa afunge domo. Na sasa kapasuliwa.

Basi mdogo mtu akainuka pale sakafuni. Akachana kipande cha fulana yake, akajifunga kichwa. Akaliokota koleo likiwa na damu yake mwenyewe, akachukua vichwa viganjani, akaingia kabati la chini ya ngazi bila kumtazama dada yake. Mle ndani ikasikika ka-ka-ka. Alipotoka akaanza kupanda ngazi.

Dada Koleo alibaki ameegemea ukuta.

Juu ya ngazi mlango ukafunguliwa kwa teke. Matairi akatokea, mtu mwenye shingo ya fahali na fulana ya kulalia, anatweta.

"Nilikuwa naongea na mteja wa kontena zima!" alinguruma. "Kontena! Ananiona mdomo wazi nimeganda kama picha ya marehemu, amekata! Nani atanilipa?" Kisha akaona matone. "Na hii ni nini? Damu? Mnachinjana kwenye marumaru yangu?"

"Nipishe, bosi, naenda kurekebisha," alisema yule mdogo mtu.

"Unaingia chumbani kwangu unachuruzika hivyo?"

Akamkamata koo kwa mkono mmoja, akamsukuma ukutani, kichwa kikagonga. Akamvuta akamgonga tena. Kile kitambaa kikalowa upya.

Sasa hebu mtu anieleze. Dada Koleo, aliyempasua mwenyewe muda si mrefu, alipoona mkono wa mtu mwingine kwenye shingo ile, alisahau kila kitu. Alizipanda zile ngazi kama paka anayechomwa, akarukia mgongo wa Matairi, akamng'ata mkono juu ya kiwiko, akang'ang'ania. Matairi alipiga ukelele wa mtoto. Koo likaachiwa. Mdogo mtu akapenya chini ya kwapa akaendelea kupanda, maana kazi ni kazi.

"Niachie, shetani wa kike!"

Angejibu nini, na meno yake yako nyamani? Matairi akamgongesha kwenye uzio wa ngazi, mbavu zikalia. Hakuachia. Akamgongesha tena. Dada Koleo akaachia, akamzunguka, akamrudishia goti mahali ambapo mwanamume hapendi kupigwa. Wote wawili wakaporomoka, ngazi kwa ngazi, yeye chini Matairi juu, halafu Matairi chini yeye juu, mpaka wakafika koridoni wamekumbatiana kama maharusi. Matairi akapata nafasi akamtandika ngumi ya mdomo. Dada Koleo akatema damu, akacheka, akamvuta sikio hadi likapasuka kidogo pale linaposhikana na shavu.

"Gusa tena mdogo wangu! Gusa uone!"

"Si wewe umemtoboa kichwa?"

"Ni wangu! Wewe ni wako?"

Mke wa Matairi alitoka jikoni na ndoo ya maji ya kudekia. Hakuuliza. Aliwamwagia wote wawili, maji meusi yenye sabuni, kama mtu anayeachanisha mbwa.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Au nilete ya pili? Baba wa watoto, mtu wa umri wako unapigana na mama wa watu?"

"Kaanza yeye! Tazama, kaning'ata!"

"Nimeona. Nilitamani nimsaidie."

Walikuwa wangali wamekaa kwenye dimbwi, kila mmoja ameshika anapouma, mtoto wa kike wa Matairi alipochungulia kutoka juu.

"Baba, imekaa! Nimefungua picha ya sinema, inakwenda tu. Haikatiki!"

Matairi akainuka kwa kujisukuma, akapanda anachechemea. Dada Koleo akamfuata, mkono ubavuni. Walimkuta mdogo mtu amepiga magoti mbele ya soketi, anafuta damu kwenye sakafu kwa soksi yake. Kwenye kompyuta watu wa sinema walikuwa wanakimbizana bila kukwama.

"Umeweka vichwa vipi?" Dada Koleo aliuliza. Mdomo ulishavimba, maneno yakatoka yamelala.

"Vile vile vya kwenye mkebe. Ulivyovitupa."

Akamwekea kimoja mkononi. Dada Koleo akakisogeza machoni, akakirudisha mbali, akakisogeza tena. Mwishowe akatoa miwani kutoka chini ya kanga kifuani, akaivaa mbele ya watu. Akahesabu. Meno yalikuwa matatu.

"Nimebadili mpangilio tu, huku na kule kwenye kabati," alisema mdogo wake, taratibu, kama anamwambia mgonjwa. "Ndani ya kichwa njia ya tatu inaongea na ya sita. Lazima waliosokotwa pamoja wakae hapo. Wewe uliwatia watu wawili wa nyumba tofauti. Safari fupi wanavumiliana. Safari ndefu wanapigiana kelele, hakuna anayesikilizwa. Testa haijui ndoa, yenyewe inaangalia tu kama waya umefika."

Dada Koleo alikaa kitandani kwa watu bila kukaribishwa. Aliwaza maduka yote, ofisi zote, kila kichwa alichowahi kubana kwa majivuno. Kisha akaona mdogo wake anakusanya vifaa: kisu cha kuchunia, testa, koleo. Anavipanga kwenye mkoba kwa utaratibu, kila kimoja mahali pake, na mkoba anauweka miguuni pa dada. Hakuuweka begani kwake kama kila siku.

"Vyumba vya chini vimebaki kubadilishwa," alisema. "Utavibadilisha mwenyewe. Nimekuonyesha."

"Unakwenda wapi?"

"Nilishakwambia."

Hapo Dada Koleo akainuka. Nyumbani kwao, mama alipokuwa hai, alikuwa na sheria moja aliyoitunga kwa ajili ya watoto wake, kwa kuwa ya mumewe hakuiweza. Mtoto akimpiga mwenzake, aliyepiga anakuja mwenyewe, anatoa shavu, analipwa, wanakwenda kula. Hakuna kulala na kofi la mtu. Dada Koleo akavua miwani, akasimama mbele ya mdogo wake, akageuza shavu lililokuwa zima.

"Chukua chako," alisema. "Hata kwa koleo. Chukua, yaishe."

Matairi alirudi nyuma hatua, akidhani vita imeanza upya.

Mdogo wake alilisukuma lile shavu taratibu kwa kiganja.

"Silitaki," alisema. "Wewe kipigo unakila kama mkate, dada. Nikikupiga nitakuwa nimekulipa nini? Baba alitupiga mpaka siku tulipotoka, na kila alipopiga kosa lilikuwa letu. Mpira ukikatika, kosa letu. Lori likiharibika, kosa letu. Hilo ndilo lililoniuma, si bomba lake. Unanidai nikae na wewe. Mimi nakudai neno moja, na unalijua."

Alilijua. Lilikuwa limekaa kooni tangu alipohesabu yale meno. Angepewa achague kati ya neno lile na kuporomoka ngazi mara ya pili, angeuliza ngazi ziko upande gani. Alimtazama Matairi, akamtazama mke wake mlangoni, akatamani watoke. Hawakutoka. Mdogo wake hakuomba watoke.

"Nimekosa," alisema.

Neno lilitoka dogo, likiwa na damu. Akameza, akalirudia bila kuambiwa, safari hii kwa sauti ya kufokea watu.

"Nimekosa! Vichwa vilikuwa sawa. Mimi ndiye nisiyejua kuvipanga, uliniambia mara mbili nikakufunga mdomo, na nimekupasua bure. Nimekosa."

Mdogo wake alishusha pumzi ndefu, hata lile fundo la kitambaa likalegea juu ya jicho. Akauinua mkoba pale sakafuni, akautia begani.

"Sikudai tena," alisema. "Shuka polepole, mbavu hizo."